Mshono wa mgongo unatoa maji, mnakimbilia famasi! Majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi kuhusu vidonda vya oparesheni ya mgongo wa chini, nimechagua machache maana mengine yanajirudia mpaka basi.

Dokta, nina siku 12 tangu oparesheni, leo asubuhi nimekuta shuka lina madoa ya njano. Nyumbani kulikuwa na amoksilini nimeanza kumeza, niendelee mpaka ziishe?

Hili ndo linanipandisha presha kila siku. Ndugu yangu, mshono uliokuwa mkavu hafu ukaanza kutoa majimaji baada ya wiki moja na kitu, huo unatakiwa uonwe na aliyekupasua, leo, sio Jumatatu. Bakteria anayeongoza kwenye vidonda hivi ni Staphylococcus aureus na wengi wao amoksilini peke yake hawaisikii kabisa, kwahiyo unameza dawa ambayo huenda haifanyi kitu zaidi ya kuharibu kipimo. Daktari anataka achukue sampuli kutoka ndani ya kidonda ioteshwe maabara ajue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa gani, sasa we ukishajijaza antibayotiki maabara inaweza isioteshe chochote, wakati mdudu yuko hai huko chini anakula nyama. Mkishafika hapo daktari anaanza kubahatisha na anayeumia ni wewe. Nenda, na umwambie ukweli umemeza ngapi na tangu lini, usione aibu. Na famasi wanaowauzia bila cheti nao wana lao la kujibu, ila hiyo siku nyingine.

Naweza kufungua kapsuli nikamwagia unga kwenye mshono ukauke haraka?

Hapana. Wala spiriti, wala dawa ya meno. Bendeji safi na mikono iliyooshwa, basi.

Nitajuaje kama ni maumivu ya kawaida ya oparesheni au ni infeksheni?

Angalia mwelekeo. Maumivu ya kawaida yanapungua siku hadi siku hata kama taratibu, ya infeksheni yanapungua hafu yanageuka kupanda. Ukiona hivyo, na pembeni ya mshono wekundu unatanuka, pana joto, panavimba, panatoa usaha au harufu, au nyuzi zinaachia, usisubiri homa. Wengi wananiambia "lakini sina homa dokta", homa sio lazima ije, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Halafu kuna hali ambayo hairuhusu hata kusubiri kesho: miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe. Hapo kitu kinabana mishipa ya fahamu, nenda emajensi hata kama ni saa nane usiku.

Nimeambiwa kidonda kina usaha mpaka ndani na natakiwa kurudi tieta kuoshwa. Mimi nina skrubu za chuma zinazoshikilia mifupa ya mgongo. Si waniongezee tu dawa kali? Na je skrubu zitatolewa?

Dada, usaha uliojificha chini ya misuli hauondoki kwa vidonge, dawa inasafiri kwenye damu na katikati ya usaha na nyama iliyokufa damu haifiki. Ndo maana wanafungua, wanakata kilichokufa, wanaosha kwa maji mengi ya saline (maji ya chumvi ya hospitali), sa ingine wanarudia zaidi ya mara moja, au wanaweka ile mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda. Kuhusu skrubu, infeksheni ikija mapema, wiki za mwanzo, mara nyingi wanaziacha, maana mfupa haujashikana bado na zikitoka mgongo unayumba. Tatizo ni kwamba bakteria wanajenga utando juu ya chuma, kwahiyo dawa inakuwa ndefu, tegemea wiki 6 au zaidi, mwanzo ya mshipa baadae vidonge. Usije ukaacha wiki ya tatu kwa sababu unajisikia vizuri. Mfupa ukishaunga hapo ndo wanaweza kuongelea kuzitoa.

Lini naruhusiwa kuoga?

Muulize aliyekushona. Ila kujilowesha kwenye beseni au kuogelea, hapana mpaka pafunge kabisa.

Mama ana kisukari, mshono haufungi wiki ya 3 sasa. Tumwongezee vitamini?

Sukari yake ni ngapi? Hamjaandika, na ndo swali la kwanza. Sukari ikiwa juu hata kidonda kioshwe vizuri namna gani hakifungi. Sukari ishuke, apate protini ya kutosha, na kama kuna anayevuta sigara aache. Kingine hamkisemi: mshono wa mgongo wa chini uko jirani na makalio, mgonjwa aliyelala na nepi, choo kinapanda mpaka kwenye bendeji na bakteria wa tumboni wanaingia. Bendeji ikilowa au kuchafuka inabadilishwa saa hiyo hiyo, sio mpaka nesi apite. Na kidonda chenyewe daktari akione.

Yanayotoka kwangu ni maji meupe kabisa kama ya bomba, na kichwa kinaniuma nikikaa, nikilala kinaacha.

Hiyo inaweza kuwa maji ya uti wa mgongo yanavuja. Lala, piga simu kwa daktari wako, uende leo. Ikiachwa inaweza kuleta homa ya uti wa mgongo.

Miezi 4 imepita, mshono umekauka vizuri sana, lakini mgongo umeanza kuuma upya, usiku ndo zaidi. Wananiambia ni uzee.

Una uhakika walikupima? Ngozi kupona haimaanishi ndani kumepona, infeksheni inaweza kukaa kwenye diski, zile pedi laini katikati ya mifupa ya mgongo, kimya kimya. Omba CRP na ESR, ni vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na infeksheni au uvimbe. CRP baada ya oparesheni inapanda siku 2 au 3 za mwanzo kisha inashuka, ndani ya wiki kama 2 inakuwa imerudi chini, kwahiyo mwezi wa 4 ikiwa juu lazima itafutiwe sababu. Zikiwa juu inafuata MRI, ile picha ya ndani ya mgongo. Nenda na karatasi za oparesheni zote, na mpaka hapo usikubali kuanzishiwa antibayotiki "za kujaribu".