Barua kwa Furaha: nilichokuwa nafanya pale Katindo

Goma, Jumapili jioni

Furaha mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimejifungia chooni ili mafundi wasinione uso. Unasema tangu mvua zianze huko Lubumbashi, radi ikipiga unajikuta umelala sakafuni ubavuni mwa kitanda, na mwenzako wa chumba anakuambia umwone mwanasaikolojia. Halafu unaniuliza: "Papa, Mama anasema wewe ulikuwa unaenda kila Jumatano kwa mshauri pale mtaa wa Katindo. Mlikuwa mnafanya nini humo? Mtu anaongea tu, basi anapona?"

Mama yako naye! Tulikubaliana iwe siri. Sawa, imeshatoka.

Unakumbuka Alhamisi ile ya tarehe 27 Mei 2021, tulipoambiwa tuhame mji, tukashika njia ya Sake kwa miguu, wewe na kuku wako mkononi? Ulinilalamikia kwamba nawakimbiza kama mbuzi. Ulidhani ni volkano inanitisha. Ilikuwa volkano, ndiyo, lakini ile ya 2002.

Tuliporudi sikulala tena vizuri. Siku moja kijana aliangusha bati pale karakana, na mimi nikajikuta chini ya chukudu, kile kipando chetu cha mbao cha kubebea mizigo, niliyokuwa naipiga misumari, mikono kichwani. Wateja walicheka. Kisha wakaacha kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mama yako alinipeleka kwenye chumba cha maombi usiku tatu mfululizo. Mimi mwenyewe nilijipeleka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, usiku mwingi zaidi. Maombi sijayaacha hadi leo. Kasiksi ilinipa usingizi wa saa mbili, halafu saa nane usiku niko macho, moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango.

Mshauri wa kwanza niliyemwona, simtaji, alikuwa anaangalia simu yake nikiongea. Mwishoni akaniambia, "Baba, sahau, endelea na maisha." Miezi minne sikurudi popote. Nakuambia hili mapema: ukikutana na wa namna hiyo, tafuta mwingine, usiseme kazi yote ni bure kama nilivyosema mimi.

Yule wa Katindo alikuwa mama wa Bukavu. Siku ya kwanza hakuniuliza shida yangu. Alitandaza kamba sakafuni, akasema ncha hii ni siku uliyozaliwa. Pembeni palikuwa na kikapu cha maua na kingine cha mawe, mawe yetu haya meusi ya lava, Goma tunakosa vyote ila hayo. Kwa kila jambo jema naweka ua, kwa kila baya naweka jiwe, nalitaja kwa jina tu, bila kusimulia. Niliweka ua la ndoa, ua la chukudu ya kwanza niliyouza, ua lako. Mwisho wa kamba aliuacha umeviringwa. Nikamwuliza mbona hajanyoosha, akasema hiyo bado sijaiishi.

Jumatano zilizofuata tulikwenda jiwe kwa jiwe, kwa mpangilio wa miaka, karibu saa moja na nusu kila mara. Na hapa, binti yangu, si kuongea tu. Nikiruka kitu ananirudisha: jua lilikuwa wapi? Ulisikia harufu gani? Mwili ulifanya nini? Nikianza kutetemeka ananiambia nikanyage chini kwa nguvu, nitaje vitu ninavyoviona mle chumbani, kisha tunaendelea. Yote anaandika, na wiki ijayo ananisomea, mimi nasahihisha. Alinieleza kwamba hofu kubwa huhifadhi sauti na harufu bila tarehe. Ndiyo maana bati likianguka leo, kwa mwili wangu ni 2002. Kwako radi ni mwisho wa Januari 2025, tulipolala kwenye korido tukisikiliza mabomu. Kusimulia polepole ndiko kunakolirudishia tukio tarehe yake.

Jiwe langu kubwa hulijui. Tuliwaambia nyinyi watoto kwamba baba yenu mdogo alikufa kwa malaria. Hapana. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya lava kupita katikati ya mji. Tulikuwa tumerudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Watu walikuwa wanachota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava ya moto. Mimi ndiye niliyempa bidoni, dumu la kuchotea. Nilimwambia, nenda upesi kabla hayajaisha. Kituo kililipuka, wakafa makumi ya watu.

Yule mama hakuniambia "si kosa lako". Wote walishaniambia hivyo, nikawaona waongo. Aliniuliza asubuhi ile nilikuwa najua nini. Nikataja: karakana imeungua, dada yako ana miaka miwili hajala, majirani wanarudi na bidoni zimejaa. Akauliza, na kulipuka, ulikujua? Nilikaa kimya hadi saa yetu ikaisha.

Wiki mbili baada ya hapo ndoto zilizidi, nikataka kuacha. Alikuwa amenionya kwamba itakuwa hivyo. Sikuacha, na zilipungua zenyewe. Bati likianguka bado nashtuka, lakini nashtuka nikiwa nimesimama, naendelea na msumari.

Basi nenda. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kuna fakulte ya saikolojia, anza kwa kuwauliza walimu wa pale nani anatibu watu waliotoka vitani. Mwulize huyo mtu amefundishwa njia gani, anatunza siri vipi, na bei, usione haya, nitatuma. Vidonge vya usingizi vya kununua barabarani usiviguse. Radi ikipiga kabla hujampata, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, gusa ukuta, sema kwa sauti: hapa ni Lubumbashi, hii ni mvua. Na mawazo ya kufa yakija, usingoje miadi. Mwamshe mwenzako wa chumba, nipigie hata saa tisa usiku.

Mama yako anakaanga sambaza, ananihimiza nimalize. Hajui kwamba nimekuandikia habari za bidoni. Nitamwambia leo tukila. Baba yako mdogo alikuwa amevaa shati langu siku ile. Ukitaka kujua zaidi, nipigie Jumapili baada ya misa, nitakusimulia.

Papa