Umepinduka mara mbili ukirudi ufukweni? Tatizo si kayaki, mkuu

Mkuu umesema umepinduka mara mbili wakati wa kurudi nchi kavu, fimbo mbili za kuvulia zimekwenda, samaki wamekwenda, na sasa unataka kuuza hiyo kayaki (kimtumbwi chepesi cha kupiga kasia) ununue pana zaidi. Subiri kwanza usiuze. Mimi nimepitia hukohuko na nilinunua hiyo pana, ikanipindua vilevile.

Upana unasaidia ukiwa umekaa nje unavua maji yametulia. Kwenye wimbi linalovunjika ni kesi nyingine, maana kitu kipana chenye tumbo bapa kinafuata mteremko wa maji, maji yakilala kayaki inalala, yakisimama kama ukuta na yenyewe inasimama hivyohivyo na wewe uko juu yake. Kwahiyo tatizo linaanza pale unapompa wimbi ubavu. Omo (mbele ya kayaki) ikitazama wimbi au tezi (nyuma yake) ikitazama wimbi una nafasi, ubavu huna.

Nikwambie kilichonikuta mimi. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nje toka alfajiri, nikaamua kurudi, nikatazama kuelekea ufukweni nikaona mawimbi madogo tu, nikasema haya nayamudu. Kumbe ukiwa upande wa bahari unaona migongo ya mawimbi, sura yake ile inayovunjika inatazama nchi kavu, huioni. Wimbi ambalo kwa nyuma lilikuwa kama kitu cha kunifika kiunoni kwa mbele lilikuwa linanizidi kichwa nikiwa nimekaa. Likanigeuza, nikaanguka, nikasimama maji ya mapajani nikashukuru Mungu nimepona, na hapo ndo nikafanya ujinga wenyewe: nilisimama kati ya kayaki na ufukwe nikaanza kuivuta. Wimbi la pili likaja na kayaki imejaa maji, likanigonga nayo gotini. Nilichechemea wiki tatu. Maji mita moja ya ujazo yana uzito wa tani moja na zaidi kidogo, sasa hesabu mwenyewe kayaki iliyojaa maji inayosukumwa na wimbi ina nguvu gani. Ukishuka, shuka upande wa bahari, ukianguka toka haraka kwenye njia yake, kama huwezi iache iende ufukweni yenyewe utaikuta hukohuko. Hakuna samaki wa thamani ya goti.

Sasa tuanze mwanzo, maana safari ya kurudi unaiandaa ukiwa bado mchangani. Funga vitu kana kwamba kupinduka ni lazima. Sio huenda, lazima. Fimbo zilale ndani ya tumbo la kayaki kama zinaingia, kama haziingii zilaze chini kando ya kiti uzifunge mbele na nyuma, fimbo iliyosimama nyuma ya kiti ni mlingoti, ukipinduka inapiga mchanga inavunjika au inakuchoma. Ndoano zote zitoke kwenye mishipi ziingie kwenye boksi lenye kufunga, niliwahi kumtoa mwenzangu ndoano ya pembe tatu kwenye kiganja tukiwa bado kwenye povu, sitaki kurudia. Ile skrini ya kuonyesha kina na samaki ichomoe uiweke ndani. Nanga ndani. Na mifuniko ya tumbo la kayaki ikague mara mbili, kayaki ya kukaa juu yake (sio ndani) haizami kirahisi ila maji yakiingia tumboni yanakimbia huku na huku, ikiinama kidogo yote yanaenda upande huo inamalizia kupinduka.

Kwenye kamba ndo watu wengi wanakosea. Kila kitu wamekifungia kamba ndefu ili kisipotee, halafu wanaingia kwenye mawimbi wamezungukwa na kamba nane kama samaki kwenye jarife. Nje sawa, kwenye povu kamba ndefu inayoning'inia ni hatari kuliko kupoteza kitu. Kitu kifungwe kikaze hapohapo kilipo au kiwe ndani. Laifu jaketi ndo usiongee, limevaliwa na limefungwa kabla mguu haujagusa maji, na kisu kifupi kwenye jaketi kwa ajili ya kamba hizohizo.

Halafu simama utazame. Dakika 15 sio nyingi, mimi nakaa hivyo hata kama nina haraka. Mawimbi yanakuja kwa mafungu, yanakuja makubwa kadhaa yanafuatana halafu kunatulia kidogo halafu tena, unahesabu makubwa ni mangapi na utulivu unachukua muda gani. Tazama pia yanavyovunjika. Ufukwe unaoshuka taratibu wimbi linavunjika mbali na kumwagika polepole, povu refu, hilo unaweza kucheza nalo. Ufukwe unaoshuka ghafla wimbi linasimama pale pale karibu na mchanga linajikunja na kuanguka lote kwa mkupuo, hapo mimi sitoki hata kama ni dogo. Na ujue ufukwe uleule maji yakijaa na yakipwa ni fukwe mbili tofauti, ulipotokea asubuhi kwa raha unaweza kukuta mchana ni balaa, kwahiyo angalia saa za maji za kurudi sio za kutoka tu.

Utabiri nao usisome urefu wa wimbi kwenda juu peke yake. Soma na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 kwa sekunde 6 na mita 1 kwa sekunde 14 ni wanyama wawili, hilo la pili limetoka mbali, limebeba nguvu nyingi, na likifika kina kifupi linainuka kuliko namba uliyosoma. Kwa makadirio wimbi linavunjika kina kikifika kama mara 1.3 ya urefu wake, ndo maana ukiona mahali mawimbi hayavunjiki kati ya sehemu mbili zinazovunjika, maji yamekoza rangi, ujue hapo pana kina na mara nyingi ndipo maji yanaporudi nje. Kutokea hapo ni rahisi maana mkondo unakusaidia. Kurudia hapo utapiga kasia mpaka mikono ife hufiki.

Kutoka sasa. Kayaki maji ya magotini, omo bahari, wewe ubavuni karibu na kiti. Usukani juu, pedeli juu kama ni ya pedeli. Kubwa la mwisho likipita kaa upesi, makalio kwanza, miguu utaiingiza baadaye huko mbele, piga kasia. Usisimame kutazama. Povu likija inama mbele na uchome kasia kwenye maji ya nyuma ya povu ujivute, usilinyanyue kasia kulala mbele ya uso, litakurudia kwenye meno. Ukiona moja linasimama mbele yako amua mapema, ama unakimbia ulipande kabla halijavunjika ama unarudi nyuma kidogo livunjike mbele yako ukutane na povu lake. Nusu nusu ndo inayopindua. Na ukishavuka usianze kushangilia na kutoa fimbo, endelea kupiga kasia mpaka uwe mbali kabisa na mstari wa mwisho mweupe, fungu kubwa huwa linavunjika nje zaidi.

Kurudi ndo kwenyewe. Simama nje ya mawimbi, funga kila kitu kama asubuhi, na samaki pia, weka nyuma. Uzito ukiwa mbele omo inachimba chini wimbi likiinua tezi, unapinduliwa kichwa mbele miguu juu. Usukani juu tena. Tazama nyuma, hesabu. Kubwa la mwisho likikupita lifuate, kaa mgongoni mwake, usilipite, na shingo yako iwe nyuma kila baada ya makasia mawili matatu. La nyuma likikukaribia piga kasia kinyumenyume kwa nguvu lipite chini yako, halafu endelea. Hamu ya kuteleza nalo mpaka mchangani ipo, naijua, video zinapendeza, ila ukiwa na mzigo wa kuvulia usiteleze.

Likikugeuza ubavu, na siku moja litakugeuza, egemea KWENYE WIMBI. Upande wa bahari. Weka kasia juu ya povu ulilalie. Mwili unataka kukimbia upande wa ufukwe, ndo hapo kila mtu anapopinduka, na nadhani ndo kilichokupata wewe mara zote mbili maana umesema uliangukia upande wa nchi kavu. Ukiegemea wimbi linakusukuma ubavu ubavu mpaka kwenye maji mafupi, sio pazuri ila unafika umekaa.

Kama kumechafuka kuliko ulivyotoka kuna njia ambayo watu wanaiona aibu: shuka kwenye maji ukiwa bado nje, shika mpini wa tezi, uogelee nayo omo ikitazama ufukwe. Mwili wako unakuwa kama nanga nyuma yake unainyoosha isigeuke. Usipitishe vidole ndani ya kitanzi, kayaki ikizunguka inavunja vidole, shika kwa juu uweze kuachia. Nimefanya hivyo mara kadhaa, watu ufukweni wakacheka, fimbo zangu zote ninazo.

Ushauri wangu kabla hujarudi kuvua, nenda siku mawimbi yanafika magotini, kayaki tupu bila fimbo hata moja, na mwenzako. Toka, rudi, toka, rudi, jipindue makusudi, panda tena. Asubuhi mbili za hivyo zitakufundisha kuliko maneno yangu yote haya.

Halafu uliuliza kasia lifungwe kamba au lisifungwe. Watu wanabishana sana hapo. Mimi nje nalifunga maana upepo ukilichukua nimekwisha, nikikaribia povu naifungua hiyo kamba, naikunja naiweka kwenye mfuko wa jaketi.