Mdogo wangu, toa kidole kwenye hicho kitufe: hizo pesa si zako

Salamu yako nimeiona, nitaiitikia mwisho. Kwanza weka simu chini.

Umeandika aya sita. Una miaka 17, unataka uhandisi, na unaona haya kwamba ukiwa kwenye sijda akili inazunguka kwenye magari na majumba. Umeuliza mambo matatu: kama kutamani utajiri ni dhambi, ufanyeje masomo yasiimeze swala, na umjibu nini baba anayesema dunia imekuingia kichwani. Wachangiaji wamekujibu vizuri tu, mmoja kakuletea mpaka hadithi ya mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa kundi la kondoo. Safi. Lakini wote wameruka mstari uliouchomeka aya ya nne kama vile si kitu: kwamba wewe ndiye mweka hazina wa vijana wa darsa, pesa za mfuko "zimelala tu", na kuna kaka mmoja anafundisha biashara ya sarafu mtandaoni kwa akaunti anayoiita ya Kiislamu. Unataka kuzizungusha wiki mbili, urudishe mtaji, faida iende sadaka. "Nia yangu ni njema," umeandika.

Tumbo limenikata niliposoma hapo. Sentensi hiyo ni yangu. Niliisema mimi nikiwa na umri wako, na wala sijawa mzee sasa, nina miaka 19. Ila kuna miaka miwili inayohesabika kama kumi.

Mimi nami nilikuwa mweka hazina. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa sikosi alfajiri na hesabu zangu zilikuwa nzuri. Tulianza kuchanga Muharram ili Ramadhani ikifika tuwapelekee futari wajane na mayatima wa pale msikitini. Kila Alhamisi baada ya darsa nakaa mlangoni na daftari la mistari, watu wanatoa walichonacho, naandika jina na kiasi, jioni nakiingiza kwenye akaunti ya simu yangu. Ya kwangu, eh. Hakuna aliyeuliza kwa nini, nami sikuuliza. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa hivi alikuwa analeta sarafu zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule, na alikuwa haondoki mpaka aone jina lake limeandikwa. Anasimama pembeni, anasoma kwa kidole, kisha ndiyo anaondoka. Mkumbuke huyo mtoto.

Ilipofika Rajab salio lilikuwa limenona. Nakwambia ukweli, nilikuwa nalifungua mara kumi kwa siku kuliangalia tu. Suratul Humaza nimeihifadhi tangu utotoni, ile ya aliyekusanya mali na kuihesabuhesabu, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuingia kwenye sura hiyo kwa mali ambayo hata si yake.

Hapo ndipo akaingia kaka. Wa kwako sijui anafananaje, wa kwangu alikuwa anaanza kila somo kwa Bismillahi na kulimaliza kwa picha ya saa yake ya mkononi. Riba ingeota ndevu ingefanana naye. Alikuwa na hoja tatu na nina hakika wako anazo hizohizo, maana hawa watu ni kama wamesoma chuo kimoja.

Ya kwanza, Qur'ani imesema usisahau fungu lako la dunia. Kweli imesema, 28:77. Alichokiruka ni nani anaambiwa. Anaambiwa Qaruni! Yule ambaye funguo za hazina zake peke yake zilikuwa zinalemea kundi la wanaume wenye nguvu. Watu wake wanamwambia atafute Akhera kwa alichopewa, asisahau fungu lake la dunia, na awafanyie watu wema kama Mwenyezi Mungu alivyomfanyia yeye. Na jibu lake je? Kwamba amevipata kwa elimu aliyo nayo. Aya chache mbele ardhi inammeza yeye na nyumba yake. Kaka kachukua nusu ya aya moja katika kisa cha mtu aliyemezwa na ardhi, akaifanya tangazo la biashara. Nami nikapiga makofi.

Ya pili, Abdurrahman bin Auf, swahaba tajiri aliyebashiriwa pepo. Kila kocha wa pesa mwenye kanzu anamtaja. Sasa nenda kasome alianzaje. Kafika Madina hana kitu, Mtume kamuunganisha undugu na Saad bin Rabii, na Saad kampa nusu ya mali yake. Nusu! Halali, kwa moyo mkunjufu, mwenye mali mwenyewe kasimama mbele yake. Akakataa. Akamwombea Mungu ambariki katika mali yake na ahali zake, akaomba aonyeshwe soko liko wapi, akaenda akarudi na jibini na samli. Huyo ndiye mfano wao wa kuchukua pesa ya watu "ukaifanyie kazi". Mtu aliyekataa pesa aliyopewa!

Ya tatu ndiyo iliyoniua. Matendo huenda na nia. Nikajiambia nia yangu ni kuwaongezea wajane, kuna ubaya gani? Hakuna aliyenikalisha akanifahamisha kwamba nia haigeuzi haramu kuwa halali. Ipo hadithi katika Sahihi Muslim, fupi sana: haikubaliwi swala bila tohara, wala sadaka itokanayo na ghulul. Ghulul ni kile unachokihini katika mali ya umma uliyoaminiwa. Angalia vilivyowekwa bega kwa bega hapo. Wewe huwezi kuswali bila udhu kwa kuwa "nia ni njema", au unaweza?

Haya, nikaingiza. Si zote. Theluthi moja, kwa majaribio, ndivyo nilivyojidanganya. Siku ya tatu ikaleta faida. Nikatoa faida hiyo, na hapa naona aibu mpaka leo, sikuiweka kwenye mfuko. Nikanunua raba. Nyeupe. Nikajitolea na fatwa kabisa, kwamba katika aya ya mafungu ya zaka, 9:60, wametajwa wanaozitumikia, basi raba hizi ndizo ujira wangu. Nilikuwa nimeshakuwa mufti kwa siku tatu tu. Nikaenda nazo msikitini, nikaziacha mlangoni na viatu vya wenzangu, na rakaa zote nne za adhuhuri nikawaza zisiibwe. Mwizi yuko ndani anaswali, anaogopa wezi!

Siku ya tano nikaweka zote zilizobaki.

Sasa nikueleze hiyo "akaunti ya Kiislamu", maana mimi nililijua hili pesa zikiwa zimeshazikwa. Wanachoondoa ni riba inayotozwa usiku ukiacha biashara wazi. Basi. Kubwa liko palepale: dalali anakukopesha ukubwa. Unaweka mia moja, anakuruhusu ucheze kama una elfu kumi. Bei ikienda upande wako unajiona una akili nyingi kama Qaruni. Ikisogea asilimia moja tu upande wa pili, mia yako yote imeondoka. Asilimia moja, kwenye kitu ambacho bei yake haitulii. Na kaka alikuwa analipwa na dalali kwa kila mtu aliyejiandikisha kupitia kiungo chake, nishinde nisishinde. Yeye hakuwa kwenye biashara ya sarafu kabisa. Alikuwa kwenye biashara yangu mimi.

Usiku wa siku ya 11 sikulala. Mstari ulikuwa mwekundu tangu ishaa. Kaka kwenye kundi anaandika "subirini, wallahi itageuka, Allah yuko pamoja na wanaosubiri". Ikaadhiniwa alfajiri. Nikatawadha, nikatandika mswala, na simu nikaiweka pale juu, mahali pa kipaji cha uso, skrini ikiwa wazi. Niliswali rakaa mbili zile nikimsujudia nani, sijui. Kwenye sijda ya pili ya rakaa ya mwisho mwanga wa skrini ukabadilika, nikafumbua macho, nikasoma namba nikiwa kwenye sijda hivyohivyo. Sifuri na vidoto viwili vitatu baada ya nukta. Akaunti ilikuwa imefungwa yenyewe.

Nikatoa salamu kulia na kushoto. Mdomo ulitoa wenyewe.

Unadhani hasara ndiyo ilikuwa mbaya? Kilichofuata ndicho kibaya. Nilidanganya kwa wiki sita. Alhamisi naketi mlangoni na daftari langu, napokea, naandika, naulizwa "mfuko umefikia wapi?", nataja namba. Namba nzuri, zinajumlika, nilikuwa nazitengeneza nyumbani usiku. Alama za mnafiki ni tatu, akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa huhini. Nilikuwa nazo zote tatu kwenye kiti kimoja, jioni moja, na juzuu mkononi. Na yule mtoto anasimama pembeni anasoma jina lake kwa kidole.

Shaaban ilipokaribia kwisha, kamati ikataka pesa za manunuzi. Nikasema akaunti ina tatizo. Siku ya pili, tatizo. Siku ya nne nikamfuata ustadhi baada ya magharibi, nikamwambia nikiwa nimeshika nguzo. Nilitegemea anipige, kwa kweli nilitamani anipige. Akaniuliza swali moja: "Nani mwingine alikuwa anaona salio?" Nikasema hakuna. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Basi na sisi tumekosa." Akanipeleka kwa wazazi siku ileile, na Alhamisi iliyofuata nikasimama mbele ya darsa nikasema mwenyewe. Wengine walilia. Mmoja alicheka, ndiye ninayemshukuru zaidi. Mtoto hakuelewa, akaniuliza kama jina lake bado limo kwenye daftari.

Kulipa kumenichukua miezi 14. Kompyuta niliyokuwa nimewekeza kwayo ndoto yangu ya kusomea usanifu majengo iliuzwa mwezi wa kwanza. Raba ziliuzwa pia, ingawa mnunuzi alipunguza bei akidai zimechakaa, na sikuwa na sura ya kubishana. Nimefundisha hesabu watoto wa darasa la nne na la tano jioni nne kwa wiki, na chuo nimeanza nikiwa nyuma ya wenzangu mwaka mzima. Toba ina masharti, na haki ya mja huirudishi kwa machozi.

Sikwambii usitamani mali. Itamani, soma, jenga madaraja. Mimi kanuni yangu ni moja na nitaikariri mpaka unichoke: pesa ya watu isikae mahali ambapo ni wewe peke yako unayeona salio. Hata usiku mmoja, hata ukiwa na swala ya usiku na funga za Jumatatu. Unajua aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu nini? Si pepo wala moto. Ni 2:282, kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Aliyetuumba anatujua, ndiyo maana hakusema "aminianeni tu, nia zenu njema".

Usiniambie wewe huna tamaa kama yangu. Huna *bado*. Mwanadamu angekuwa na bonde la dhahabu angetaka la pili, hiyo nayo ni hadithi, na wewe bonde lenyewe umeshalishika mkononi, tena la wenzako.

Kwa hiyo kabla ya ishaa ya leo fanya hivi. Piga picha salio, mtumie amiri wenu na mtu mmoja zaidi, mtu mzima. Waambie hutaki kukaa nazo peke yako. Wakikuuliza kwa nini, waambie umesoma kisa cha mjinga mmoja. Wakikataa kuzihamisha, rudisha uongozi, waonekane hao wanaokataa. Na kaka mtoe kwenye simu. Usimuage, usimjadili, wala usimpelekee hizi aya, atazigeuza somo la wiki ijayo.

Akikwambia "fanya istikhara kwanza", jua huyo si mtu. Istikhara ni swala ya kumwomba Mungu mwongozo wa kuchagua kati ya halali mbili. Mimi niliswali istikhara, nikaota maji yanatiririka, nikasema hiyo ndiyo riziki. Yalikuwa ni pesa za wajane zinakwenda zake.

Nimetazama tena swali lako, naona hata la baba sijaligusa, wala la ratiba ya masomo. La ratiba wamekujibu wengine. La baba, kwa leo mpe hiyo picha ya salio naye aione, kisha tuendelee. Ukishaituma andika hapa chini neno moja tu, "nimetuma". Mimi nitakuwa nafundisha migawanyo mpaka saa mbili usiku, lakini nitachungulia.

Wa alaikum salaam.