Maswali na Majibu: Mweka hazina anatolewa kwenye mfumo kila mara

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeandika kwa Java mfumo wa hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na seva ya Jetty 9.4 nimeipachika ndani ya programu yenyewe. Kwenye SessionHandler (sehemu ya Jetty inayosimamia vipindi, yaani muda wa mtumiaji tangu aingie hadi atoke) nimeweka setMaxInactiveInterval(30) ili aliyekaa kimya nusu saa atolewe, lakini mweka hazina analalamika kwamba akiinama kuhesabu noti tu, akirudi anakuta ametolewa. Tena nikiizima seva na kuiwasha, wote hulazimika kuingia upya. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, namba hiyo huhesabiwa kwa sekunde, kwa hiyo mweka hazina wako amepewa nusu dakika. Wengi hukosea hapa kwa sababu session-timeout ya kwenye web.xml (faili la mipangilio la programu za wavuti za Java) huhesabiwa kwa dakika. Andika 30 * 60, ili atakayeisoma kazi yako baadaye aione nusu saa bila kukokotoa. Usiufute mstari huo kabisa, maana thamani ya awali ya SessionHandler ni -1, yaani kipindi hakikomi, jambo ambalo kwa mfumo wa fedha ni hatari kuliko huo usumbufu.

Kuhusu kuwasha upya, Jetty isipoelekezwa vingine hutunza vipindi kwenye kumbukumbu tu, navyo hupotea programu inapozimwa. Vihifadhi kwenye faili:

FileSessionDataStore ghala = new FileSessionDataStore();
ghala.setStoreDir(new File("/var/lib/kikundi/vipindi"));
DefaultSessionCache cache = new DefaultSessionCache(sessionHandler);
cache.setSessionDataStore(ghala);
sessionHandler.setSessionCache(cache);

Folda hiyo iwepo kabla ya kuwasha, na isomwe na akaunti inayoendesha seva peke yake. Kila unachokiweka ndani ya kipindi lazima kiwe Serializable, yaani Java iweze kukigeuza kuwa data ya kuandikwa kwenye faili. Ndiyo maana nakusihi uweke namba ya mwanachama tu, na taarifa zake nyingine uzisome kwenye hifadhidata kila zinapohitajika, kwani salio lililogandishwa ndani ya kipindi laweza kuonyesha fedha ambazo zimekwisha kukopeshwa.

Hukuuliza hili, lakini hizo ni akiba za watu: mara nenosiri linapokubaliwa, ita request.changeSessionId(), inayobadilisha namba ya kipindi, ili aliyekuwa amempachikia mwanachama namba ya kipindi anayoijua asiingie naye. Weka pia setHttpOnly(true), ili JavaScript isiweze kukisoma kidakuzi cha JSESSIONID, ambacho ndicho kinachobeba namba ya kipindi.