Maji Yale Si ya Kawaida

Juzi usiku msomaji kaniandikia: “Dada, leo siku ya saba tangu nipasuliwe. Bandeji imelowa maji mekundu mepesi ila siumwi. Nisubiri kliniki ya Jumatano?” Nikamjibu kwa herufi kubwa: NENDA SASA HIVI. Usingizi ukanipaa.

Mimi nilipasukiwa na kidole tumbo, nikachanwa katikati, juu ya kitovu mpaka chini. Siku ya saba, nikiwa nyumbani, bandeji ikalowa maji kama yaliyooshewa nyama. Nikapiga simu wodini. “Kawaida hiyo, kitakauka.” Sauti ile sijaisahau. Kesho yake nikaenda kufungua duka (najua nawe ni mtu wa kutafuta, kulala huwezi), nikainua ndoo, nikakohoa. Nikasikia kitu kimeachia, joto likatambaa tumboni. Kufunua khanga, utumbo uko nje, unang’aa. Wala hauumi!

Shangazi akataka kuurudisha kwa mkono. Jirani yetu, nesi mstaafu, akamfokea. Akaufunika kwa gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji ya dripu, akanilaza chali magoti juu, akanikataza hata tone la maji ya kunywa kwa kuwa nusu kaputi ilikuwa inaningoja.

Thieta walisafisha, wakaondoa nyama iliyooza, wakashona upya kwa nailoni nene. Juu wakaongeza nyuzi za kushikiza, zimepitishwa kwenye vipande vya mpira zisinikate ngozi. Daktari akaniambia uzi wa kwanza haukukatika. Ulikuwa mzima, fundo lake lipo. Nyama ndiyo iliyochanika, ilidhoofishwa na usaha. Nikamwelewa mara moja. Dukani sabuni ya mche naikata kwa uzi.

Nyuzi za kushikiza zilitoka wiki ya tatu. Ngiri ndogo imebaki juu ya kitovu, kila nikivaa gauni inanikumbusha ile simu.

Kwa hiyo wapendwa, ukikohoa kumbatia mto. Kula mayai, dagaa, maharage. Choo kisikae kigumu, kujikamua kunavuta mshono. Na maji kama yale yakitoka kwenye mshono, nenda. Usipige simu, nenda! Mnaona aibu kusumbua manesi, halafu mnasumbua ukoo mzima kuchanga.

Msomaji wangu kajibu saa nane usiku: kalazwa, anasubiri kuingia thieta. Anauliza duka lake atamwachia nani.