Jiko la Kuni Limezeeka? Pima Tofali Kabla ya Kulitupa

Nilikuwa nazoa majivu kwenye jiko letu la kuni, lile linalopasha nyumba joto, tofali la ukuta wa nyuma ndani ya jiko, lile linalokinga chuma dhidi ya moto, likaniachia mkononi vipande vitatu. Nyuma yake chuma kilikuwa uchi. Jiko lenyewe nililikuta nilipohamia, na kampuni iliyolitengeneza ilishakufa zamani. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alisema vipuri vyake havipatikani tena, ninunue jiko jipya. Nilikaribia kumsikiliza, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika, maana majiko mazuri yanatupwa kwa sababu ya tofali moja.

Nilichokuja kujua ni kwamba matofali hayo mara nyingi si kipuri cha jiko fulani. Watengenezaji wengi walitumia matofali ya vipimo vya kawaida. Kwenye majiko ya Marekani kipimo kinachokutwa sana ni inchi 9 kwa 4½, unene inchi 1¼, yaani milimita 229 kwa 114 kwa 32. Majiko ya Ulaya yana vipimo vingi zaidi, lakini njia ni ileile: ukienda kutafuta, taja vipimo na aina ya tofali. Jina la jiko halitakusaidia sana.

Subiri jiko lipoe kabisa. Piga picha ya ndani, yape matofali namba kwa chaki, kisha yatoe moja moja. Pima lile ambalo moto haukulila, na unene upime sehemu mbili tatu. Mimi hapa niliteleza. Nilipima tofali lililochakaa, nikapata milimita 25, nikanunua ya milimita 25. Yalicheza nyuma ya ukingo wa chuma unaoyashikilia, na gogo la kwanza lilipoegemea, moja likaangukia kwenye makaa. Nikarudi kununua upya. Tofali nene mno nalo lina shida yake, kwani huenda bamba la juu, lile linalozuia moto usikimbilie kwenye bomba la moshi, likashindwa kurudi mahali pake.

Aina nayo ina uzito wake. Kuna tofali zito la udongo wa kuhimili moto, ambalo hunyonya joto na kulitoa polepole. Kuna jepesi lenye vitundu vidogo ndani, ambalo huzuia joto lisipenye, chumba cha moto kikawa kikali zaidi. Na kuna mabamba ya vemikulaiti, madini mepesi yanayohimili moto, laini kiasi kwamba hukatwa kwa msumeno wa kawaida, lakini gogo likirushwa huyavunja upesi. Rudisha aina uliyoikuta, kwa kuwa jiko lilipangwa kuchoma kwa aina hiyo. Pima tofali la zamani kwenye mizani, ulinganishe na jipya la ukubwa uleule.

Matofali ya kujengea nyumba usiyaweke humo. Hupasuka na kumeguka, na yakiwa na unyevu yanaweza kurusha vipande.

Ufa mwembamba peke yake usikutie hofu. Tofali likiwa bado limekaa mahali pake na chuma hakionekani, liache lifanye kazi. Badilisha linalomung'unyika au lililopoteza kipande.

Kama wauzaji wa majiko hawana, nenda kwa wanaouza vifaa vya tanuri za wafinyanzi, au kwa mafundi wanaojenga meko na dohani. Ndiko nilikoyapata ya kwangu, siku ileile niliyouliza.

Kukata tofali zito kunahitaji tindo na nyundo, au grainda yenye diski ya almasi. Kata nje, na uvae barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini. Vumbi hilo lina silika, nalo huharibu mapafu. Tena, jiko likiwa la zamani sana, kamba ya mlangoni au bamba lililo nyuma ya matofali linaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ukilitilia shaka, usilikwangue wala usilivunje. Mwite mtu mwenye ujuzi alipime.

Wakati wa kupanga, mengi hukaa makavu bila udongo wala saruji, yakiachiwa mwanya mdogo sana wa kutanukia. Hakikisha hujaziba matundu ya hewa. Mimi nililiziba moja bila kujua, na kioo cha mlango kikawa cheusi jioni hiyohiyo.

Matofali mapya huja na unyevu, kwa hiyo usianze na magogo. Nilichoma vijiti tu jioni mbili, nikisikia harufu ya udongo uliolowa ikipungua, na siku ya tatu ndipo nikaweka gogo.