Barua kwa Mwanangu: Umeniuliza Umebaki Nani

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza harakaharaka, kama mtu anayetafuta habari ya msiba, kisha mara mbili polepole nilipoona kwamba, alhamdulillahi, nyote mu wazima. Umenieleza kuwa tangu mkataba wako wa kazi uishe bila kuongezwa, miezi saba sasa, mkeo ndiye anayetoka kwenda hospitali kwa zamu, wiki hii mchana na wiki ijayo usiku, nawe unabaki na wale pacha, kwamba shangazi yako amesema mbele za watu kuwa umelishwa limbwata, na kwamba swali linalokunyima usingizi ni hili: "Baba, mwanamume anayeshinda nyumbani akifua nepi, huku mkewe ndiye anayeleta riziki, amebaki nani katika nyumba yake?"

Huyo shangazi yako ni dada yangu, na maneno yake nitayashughulikia mimi. Swali lako ningeweza kulijibu kwa simu, lakini nimechagua kuandika kwa sababu jibu langu limebeba jambo ambalo sijapata kukusimulia, na ambalo kwa mdomo ningelipunguza hapa na pale ili nionekane bora kuliko nilivyokuwa.

Mwaka 1996 kiwanda nilichokitumikia kwa miaka 14 kilipunguza wafanyakazi, na jina langu likawamo. Miaka ile viwanda vingi vya hapa Tanga vilikuwa vikisinyaa au kufungwa, kwa hiyo tuliokuwa mitaani tulikuwa wengi, lakini wingi wa wenzangu haukunipunguzia aibu. Kiinua mgongo nilichopewa kiliisha kabla mwaka haujaisha. Wewe ulikuwa darasa la pili na mdogo wako alikuwa na miaka mitatu. Mama yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakunilaumu wala hakuniuliza nina mpango gani. Alinunua chuma cha vitumbua, akazungumza na mwenye duka la pembeni ampe mchele kwa mkopo, na baada ya wiki moja alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko.

Mimi nikafanya jambo ambalo wewe, kwa udogo wako, hukulitambua. Kila asubuhi nilioga, nikavaa shati lililopigwa pasi, na pasi hiyo aliipiga yeye baada ya kumaliza kukaanga, kisha nikatoka kama mtu aendaye kazini. Nilipanda baiskeli hadi kwenye kijiwe cha bao upande wa pili wa mji, mahali ambapo hapakuwa na jirani wa kuniona, nikakaa hapo mpaka alasiri. Jioni nilirudi na uso wa mtu aliyechoka. Nilikula pesa ya vitumbua huku nikijifanya siioni inakotoka. Hali hiyo iliendelea kwa miezi mitano, mwanangu, na mpaka leo nikipita pale kijiweni moyo hunibana.

Asubuhi moja mafuta ya moto yalimrukia mama yako mkononi. Jirani alimpeleka zahanati, nami nikabaki na mdogo wako. Nilitafuta nguo za mtoto kabatini nikazikosa, kumbe zilikuwa ndani ya tenga chini ya kitanda nilichokilalia miaka yote. Nilimpikia uji akaukataa, nikaongeza sukari akaukataa zaidi, nikamkaripia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Uliporudi kutoka shule ulitupa mkoba, ukatazama sufuria, ukaniambia taratibu, kwa adabu kabisa: "Baba, yeye hanywi mpaka utie ndimu." Ukakata ndimu mwenyewe, ukakamua, na mtoto akanywa. Nilisimama pale jikoni nikielewa kwamba katika nyumba niliyojisifu kuwa nimeijenga kwa jasho langu, mimi nilikuwa mgeni. Mabati niliyajua bei yake, lakini sikujua mwanangu wa kumzaa anakunywaje uji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Mkono wa mama yako ulipokuwa umefungwa bandeji hakuweza kukuna, na bila tui hakuna vitumbua. Nikakaa juu ya kibao, nikashika kifuu kwa mikono miwili, nikakuna kwa nguvu za kiwandani. Kesho yake vitumbua vilitoka na chembechembe za kahawia, kwa sababu nilikuwa nimezama hadi kwenye ganda. Wateja waliviona. Mama yako hakunifokea, jioni alikaa karibu yangu juu ya mkeka akasema, "Usitumie macho, sikiliza. Meno yakiwa kwenye nyama hayana sauti. Yakianza kukwaruza, geuza kifuu." Nilijifunza kusikiliza. Kila jioni nazi nne, halafu kukamua, tui zito pembeni na jepesi pembeni, halafu kuchanganya na ule mchele uliosagwa, hamira, sukari na iliki, na kufunika ndoo ili mchanganyiko uumuke usiku. Baada ya mwezi nikawa nachota maji, nakuogesheni na kumpeleka mdogo wako kliniki, na ile baiskeli ikabeba beseni la vitumbua badala ya kunibeba mimi kijiweni.

Usidhani kwamba hapo nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mnyenyekevu. Kiburi kilihama tu, kikatoka barazani kikaingia jikoni. Nilianza kutaka kusifiwa. Nikifagia uwanja, nilihakikisha fagio linasikika. Nikiosha vyombo, niliviacha mahali ambapo mama yako angeviona kwanza. Jioni moja nilimhesabia kazi zote nilizozifanya tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, nikamalizia kwa kusema, "Angalau ungeshukuru, maana si kila mwanamume humsaidia mkewe." Alikuwa akihesabu sarafu za siku ile. Aliziacha, akanitazama bila hasira, akasema: "Baba Fulani, kazi hizo hizo nimezifanya miaka kumi na miwili. Ulinishukuru siku ngapi?" Kisha akarudi kwenye sarafu zake. Sikulala usiku ule. Tangu siku hiyo neno "kusaidia" nililiacha, kwa kuwa anayesaidia ni mtu wa nje, na mwenye nyumba hufanya kazi ya nyumba yake.

Nakuandikia haya kwa sababu katika barua yako nimeuona mzani ule ule. Umeandika idadi ya nepi. Umeandika kwamba mkeo akirudi hulala moja kwa moja. Mwanangu, yeye ametoka kusimama usiku kucha akihudumia wagonjwa. Kulala kwake si dharau.

Unasema watu wa dini watakucheka. Watu ni watu, lakini dini yenyewe haikucheki. Katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, imepokewa kwamba Bi Aisha, mkewe, aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani kwake, naye akajibu kuwa alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ulipofika wakati wa sala alitoka kwenda kusali. Napenda sana jibu lile lilivyo fupi. Bi Aisha hakulisema kama ajabu wala kama sifa ya pekee, bali kama mtu anayeeleza siku ya kawaida: alikuwa kwenye kazi za nyumbani, kisha akaenda kusali.

Nami nitakwambia jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko kufagia na kukuna nazi, nalo ni kupokea. Mikono yangu ilizoea kutoa, na mkono unaotoa huwa juu. Mama yako aliponiwekea pesa mezani ili niende kununua mafuta ya kukaangia, nilizichukua huku nikitazama ukutani. Niliona kama kila noti imeandikwa kushindwa kwangu. Ni kweli kwamba dini imemwekea mume wajibu wa kumlisha na kumvisha mkewe, na mali ya mke ni yake mwenyewe; usiisahau haki hiyo hata siku moja, wala usiifanye pesa ya mkeo kuwa yako kwa mazoea. Lakini kumbuka pia habari ya Zainab, mke wa sahaba Abdallah bin Masud, ambaye alitaka kujua kama sadaka yake kwa mumewe na kwa mayatima aliowalea ingekubaliwa, na Mtume akasema kuwa ana thawabu mbili, thawabu ya udugu na thawabu ya sadaka. Niliposikia darsa hiyo msikitini nilijiuliza, basi mimi ninayegeuzia uso ukutani ninamzuia mke wangu asipate nini? Siku iliyofuata nilipokea pesa kwa mikono miwili, nikamtazama, nikasema ahsante. Alicheka kwa furaha kama msichana. Nawe mwangalie mkeo usoni anapokupa.

Wala kazi ya nyumbani usiiite si kitu. Sheria ya Ndoa ya nchi hii, ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114 kinachohusu kugawana mali ndoa inapovunjika, inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la mwanamke aliyekuwa ameachika, na Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo zinahesabika kuwa mchango katika kuipata mali hiyo. Nililijua hilo nikiwa nimekwisha kuwa mzee, nikaona haya. Miaka 14 nilisema "nyumba yangu" kwa sababu mshahara ulikuwa wangu, kumbe kila tofali lilikuwa na mkono wa yule aliyenipikia, akanifulia na kunilelea watoto ili mimi niweze kwenda kiwandani. Kama kazi ile ilikuwa na thamani mikononi mwa mama yako, haiwezi kuipoteza thamani hiyo kwa kuwa leo imo mikononi mwako.

Sikwambii uache kutafuta kazi. Tuma maombi, zungumza na wenzako, na ikipatikana ifanye kwa bidii. Wala sikwambii umeze kila tusi, kwa sababu unyenyekevu ni mtu kuinama mwenyewe amwinue mwingine, na kuinamishwa shingo na wenye dharau ni unyonge. Atakayekutukana mbele ya watoto wako, mwambie kwa upole kwamba hapo ni kwako na aondoke. Ninachokuomba ni kwamba usiishi miezi hii kama abiria aliyekaa kituoni akisubiri maisha yake yaje kumchukua, kama nilivyokaa mimi pale kijiweni miezi mitano, huku mdogo wako akijifunza kuzungumza na mimi sipo kuyasikia maneno yake mapya.

Umeuliza umebaki nani. Mwisho wa barua yako, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba yule pacha wa kwanza halali mpaka umshike sikio, na wa pili hataki kushikwa sikio kabisa. Mimi nilihitaji miaka mitatu na mkono wa mama yako ulioungua kuyajua mambo ya namna hiyo kuhusu mtoto wangu. Wewe umeyajua kabla hawajaanza kutembea.

Nitakuja baada ya Idi, inshallah, kwa basi la asubuhi. Mbuzi ya mama yako bado ipo. Nimeitia msumari mpya kwenye kibao na kuyanoa meno yake. Najua sokoni huko kwenu nazi hukunwa kwa mashine, lakini nunua nazi nne nzima, na mchele uuloweke mapema. Mwambie mkamwana wangu kwamba siku atakayotoka zamu ya usiku asipitie kununua chochote njiani. Msalimie sana, na wajukuu zangu uwabusu.

Baba yako